Sura ya Saba: Mashine Nyuma ya Sauti

Sauti ilikuwa ya Mzee Palas. Hilo hakuna aliyelibishia, hata Mzee Palas mwenyewe, na hapo ndipo upelelezi ulipokwama.

Matal Nicolás, mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka, aliibonyeza simu yake tena na kuilaza kwenye benchi, kati yake na mzee. Mahabusu ya manispaa ya Yichwitz ilinuka mkojo na dawa ya viroboto. Simu ikasema kwa Kikanjobali safi, lugha ya wenyeji, kisichochanganywa na neno moja la Kihispania: "Mimi ndiye niliyemuua don Anselmo." Basi. Sentensi moja iliyonyooka, kisha kimya.

"Ni wewe huyo, baba?"

"Ni mimi."

"Maneno hayo uliyasema?"

"Niliyasema. Masikio yangu bado mazima, mwanangu."

"Na don Anselmo ulimuua?"

"Sikumuua."

Matal alishusha pumzi. "Sasa mtu anayesema ameua, na hakuua, mimi nimpeleke wapi? Kwa jaji au kwa mganga wa vichaa?"

Mzee alijifunika blanketi mabegani. Maisha yake yote alikuwa msokotaji wa kamba za katani, na viganja vyake vilikuwa vimekakamaa kama kamba zenyewe. "Siku ile sikuwa peke yangu," alisema. "Aliyekuwa nami anajua. Namngoja aseme."

"Nani?"

"Nikimtaja, nitakuwa nimemsemea. Nataka aseme mwenyewe."

"Baba, leo mchana jaji anaketi. Akiupokea ukiri huu, unateremshwa kwenye gereza kubwa la bondeni. Kule joto peke yake linawamaliza vijana. Wewe hutarudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi nitajie jina!"

"Kahawa yao mbaya sana," Mzee Palas alisema. "Mwambie mke wangu aniletee ya kwetu."

Matal alitoka akiwa na hamu ya kuupiga mlango teke. Aliwahi kuwahoji wezi waliomdanganya mchana kweupe akawavumilia. Lakini mtu asiye na hatia anayekaa kimya huku kamba inasogezwa shingoni mwake, huyo alimtia hasira isiyo na mahali pa kwenda.

Don Anselmo Recinos, mwenye mashine ya pekee ya kusaga mahindi mjini, alikutwa asubuhi ya siku ya soko akiwa amelala nyuma ya mashine yake, kichwa kimepasuliwa. Mji mzima ulijua kwamba yeye na Mzee Palas walikuwa wakigombania chemchemi iliyo kwenye shamba la mzee. Hata hivyo, ugomvi si ushahidi, na Matal alikuwa bado anapekua huku na huku pale ile sauti ilipoletwa ofisini. Tangu hapo mkuu wake akaacha kutafuta. "Kesi imejifunga yenyewe, Matal," alisema, akarudi kwenye chakula chake. Mkuu huyo hakujua Kikanjobali hata salamu. Jaji naye hakujua. Aliyewatafsiria, kwa kiapo, alikuwa mkalimani wa mahakama, Maltixh Diego, msomi wa lugha, fahari ya mji. Huyo alikuwa mtoto wa ubatizo wa Mzee Palas, na watu walimhurumia kwa kubebeshwa kazi chungu namna ile.

Matal aliamua kuanza na aliyeileta sauti. Rodrigo, mwana wa marehemu, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta ubavuni mwa jengo la mashine. Mlango wa mashine ulifungwa kwa kufuli, na juu yake pamening'inizwa utepe mweusi.

"Karibu, bibie wa serikali," Rodrigo alisema bila kuinua kichwa. "Simu imekufa, au umekuja kunichokonoa tena?"

"Nimekuja kukuchokonoa. Sauti uliipata kwa nani?"

"Nimeshasema. Mtu alisukuma kikadi cha simu chenye sauti hiyo chini ya mlango. Hakuandika jina. Ungekuwa wewe ungeandika?"

"Mkuu wangu umemwambia ilirekodiwa baada ya mazishi. Umejuaje?"

"Watu wanaongea. Siku ya pili baada ya mazishi babu alilewa nyumbani kwake, akaanza kujigamba. Jirani akarekodi."

"Jirani yupi?"

"Jirani anayeipenda shingo yake."

"Kwa hiyo ni baada ya mazishi. Una hakika?"

Rodrigo alicheka peke yake. "Bibie, angejigamba kabla ya kuua?"

Matal aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akamsogezea karatasi. "Tia saini."

"Mnapenda karatasi nyie." Akatia, kwa mbwembwe. "Mzee akishapelekwa bondeni, ile chemchemi si itakuwa haina mwenyewe? Nauliza tu."

"Ina mwenyewe. Ana mke."

"Ah, bibi yule. Haya."

Matal alitupa jicho kwenye kufuli. "Mama yako bado hajafungua?"

"Mpaka arobaini ipite. Ufunguo kauvaa shingoni pamoja na rozari. Tangu alipokutwa baba amekufa, mashine haijanguruma hata mara moja. Namwambia tunapoteza wateja, ananitazama kama vile mimi ndiye shetani. Basi, acha mabibi wa huko juu wakumbuke mawe ya kusagia."

Kweli walikuwa wameyakumbuka. Matal alipopanda mlima kwenda kwa Mzee Palas alisikia mawe yakikwaruza katika kila jiko, na kila mwanamke aliyemsalimu alikuwa akijikanda bega. Nyumba ya mzee ilikuwa juu tu ya jengo la mashine, kiasi kwamba paa lake la bati lilionekana chini kupitia dirishani. Bibi Ewul, mke wa mzee, alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, uso umemsawijika kwa uchovu. Kando yake palikuwa na beseni la mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa.

"Anataka kahawa ya hapa," Matal alimwambia.

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Hujui kudanganya, mwanangu. Kaa." Bibi alimmiminia kahawa, akarudi kwenye jiwe lake. "Wanasema mnayo sauti yake kwenye simu. Wanasema amekiri. Kila mtu ameisikia isipokuwa mimi. Niwekee."

"Bibi, haifai."

"Nimelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa msichana. Kipi cha kwake kisichonifaa? Weka."

Matal aliweka. Alijiandaa kwa kilio, akajisogeza ili amshike bibi akianguka. Lakini Bibi Ewul hakulia. Alichokifanya kilimduwaza Matal: aliinua kichwa, akakigeuza kuelekea dirishani, uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza. Akajiinua kwa kushika kiuno, akajitwisha mtandio kichwani, akanyakua lile beseni la mahindi na kulibana ubavuni.

"Afadhali! Wamefungua."

"Wamefungua nini?"

"Mashine! Huisikii? Hebu twende, foleni isije ikatuzidi."

Bibi alishafika mlangoni alipogutuka. Nje palikuwa kimya. Palisikika bata mzinga wakibishana na mawe ya majirani yakikwaruza, basi. Aligeuka polepole, beseni bado ubavuni, akaitazama simu iliyokuwa mezani.

Matal aliiendea meza. Aliiweka simu sikioni akabonyeza tena, na safari hii hakuyasikiliza maneno. Chini ya maneno kulikuwa na mngurumo. Ulikuwa mzito, ukikwama kidogo kisha ukiendelea, kama mtu mwenye kifua. Ilikuwa mashine ya don Anselmo, yenye ule mkanda uliochakaa ambao alikuwa mbahili kuubadilisha. Matal alikuwa ameisikiliza sauti ile mpaka ikawa inamjia usingizini, na mara zote alisikiliza maneno. Mkuu wake aliletewa maneno, na jaji pia. Kumbe marehemu mwenyewe alikuwamo humo ndani, mzima wa afya, anawasagia watu mahindi.

"Bibi," alisema, akijitahidi asiharakishe. "Nani alikuwa akija hapa kurekodi sauti ya mzee?"

"Si huyu Maltixh wetu? Miaka! Anakaa hapo ulipokaa, mzee anasema, mimi nawacheka. Maana walikuwa na upuuzi wale, mwanangu. Eti nani kamuua bata mzinga. Mzee aseme: Pedro ndiye aliyemuua. Haya, sasa sema: mimi ndiye niliyemuua. Sasa sema: wewe ndiye. Mzee akachoka. Akasema, mimi sisemi uongo juu ya bata asiyekuwepo. Kama ni lazima niue, nipe mtu anayestahili. Ndipo Maltixh akasema, basi don Anselmo, maana siku ile alikuwa ametupunja unga. Ooh, tulicheka! Mzee akajiweka sawa kama padri, akasema..."

Bibi Ewul aliikazia macho simu. Beseni lilishuka taratibu mpaka likagusa sakafu.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Lakini nilicheka. Mbona kicheko changu hakimo?"

"Ulimweleza mtu habari hii?"

"Nani aniulize? Askari walikuja, wakaongea Kihispania, wakaondoka. Maltixh ndiye aliyekuwa anawatafsiria, amesimama hapo hapo mlangoni. Nikajua kama kuna la kusema, yeye yupo. Atasema."

Ofisi ya lugha ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Maltixh Diego alikuwa na vipokea sauti masikioni, na mbele yake kwenye kioo cha kompyuta michirizi ya sauti ilipanda na kushuka. Alimkaribisha Matal kwa heshima, akamfutia kiti.

"Nifundishe kitu," Matal alisema, akaiweka simu mezani na kuifungulia. "Hapa neno la kwanza ni 'mimi'. Kwa nini?"

Maltixh alilegea. Walimu wana udhaifu huo: ukiwauliza somo lao husahau wako mbele ya nani. "Ni swali zuri. Lugha yetu hutanguliza tendo. Kwa kawaida mtu angeanza na kuua, kisha aliyeuliwa, na muuaji angekuwa kadokezwa tu ndani ya tendo lenyewe. Lakini watu wakibishana ni nani hasa, mtendaji hutolewa nje akawekwa mbele kabisa, peke yake, kila mtu amwone. Hata kitenzi hubadilika umbo kumpisha. Nimeandika juu ya jambo hilo kitabu kizima."

"Na ili mzee aseme hivyo, unafanyaje?"

"Unamuuliza, nani aliyefanya? Naye anajib..." Maltixh alikomea hapo.

"Endelea."

Maltixh aliisogeza simu mbali naye.

"Basi nitaendelea mimi. Mashine ya don Anselmo inasikika humu, inasaga. Aliyeuawa alikuwa hai. Wewe ndiye uliyeuliza, Bibi Ewul akacheka, na sasa swali halimo na kicheko hakimo. Viko wapi?"

Maltixh alivua vipokea sauti, akavilaza mezani kwa uangalifu kama vile vingevunjika. "Huwa nakata," alisema. "Ndiyo kazi ilivyo. Maongezi marefu hayatumiki. Kila sentensi naitenga peke yake, naondoa swali langu, kicheko, mbwa, kikohozi. Inabaki sentensi safi. Zile ndefu nazifuta, kompyuta haina nafasi."

"Na Rodrigo?"

"Kompyuta ilikufa. Nani mwingine anatengeneza hapa? Alikaa nayo siku kadhaa. Kikanjobali anakijua, amekulia pale kwenye mashine."

"Walipokuletea uitafsiri, uliitambua?"

"Neno la kwanza tu."

"Ukaitafsiri."

"Niliapishwa kutafsiri kilichosemwa!" Sauti ilimpanda. "Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza wala sikupunguza. Hakuna aliyeniuliza imetoka wapi."

Matal alimtazama mtu huyu msafi, mwenye shati lililopigwa pasi na kalamu zilizopangwa kwa rangi, akamchukia. Hakuwa muuaji, wala hakughushi chochote. Afadhali angeghushi, maana hapo angalau angekuwa amejichafua mikono.

"Yule mzee ndiye aliyekushika ukibatizwa."

"Najua aliyenishika!" Maltixh alijifunika uso. "Ningesema nini? Kwamba ninawakalisha wazee wa watu na kuwafundisha waseme wamewaua majirani zao kwa majina? Ofisi ingefungwa siku hiyo hiyo. Kitabu kingetupwa. Nilidhani kesi itaanguka yenyewe. Kila asubuhi nilisema, leo nitasema."

"Anakungoja."

"Amenitaja?"

"Hata mimi hakuniambia. Nimemwomba, nimemfokea, hakukutaja. Anataka useme mwenyewe." Matal alisimama. "Mchana utakuwa pale mbele, kama kawaida yako. Mimi nitamleta bibi, nitamleta mjane na ufunguo wake. Nitasema nilichonacho, na mzee atatoka. Kwa hiyo hunisaidii mimi. Ukitangulia kusema, unamsaidia yeye. Ukisubiri mpaka nikuumbue, shauri yako."

Ukumbi wa mahakama ulijaa mpaka madirishani. Rodrigo alikaa mstari wa mbele, kitambaa cheusi mkononi. Mzee Palas aliletwa akiwa amefungwa pingu, akasimamishwa hatua chache kutoka kwa mkalimani. Jaji aliamuru sauti ifunguliwe, kisha akauliza kwa Kihispania kama mshtakiwa anakubali kwamba maneno yale aliyasema yeye.

Maltixh alimgeukia baba yake wa ubatizo, akalitafsiri swali hilo kwa Kikanjobali kizuri sana.

Mzee hakujibu. Alimtazama tu. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anamngoja, kama mtu anavyomngoja mtoto amalize kufunga kamba za viatu. Matal alijikuta amekunja ngumi, anaomba kimoyomoyo: sema, mwanaume, sema sasa.

Maltixh aliinamisha macho.

"Niliyasema," Mzee Palas alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Anakubali, mheshimiwa," Maltixh alitafsiri, na kwa mara nyingine hakuwa amekosea.

Matal alisimama. Aliyasema yote kwa mpangilio, bila kupamba: hati yenye saini ya Rodrigo, siku ya kurekodiwa, mngurumo. Mjane aliuvua ufunguo shingoni, akauweka mezani kwa jaji na kuapa kwamba haukuwahi kuondoka pale tangu asubuhi alipomkuta mumewe. Sauti ikafunguliwa tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii ukumbi mzima ukaisikia mashine. Wanawake walianza kunong'onezana huku wakigusana mabega. Jaji alivua miwani.

"Licenciado," alimwita mkalimani kwa cheo chake cha usomi. "Wewe una sikio la kazi hii. Umeisikia mashine?"

Hapo ndipo Maltixh aliposema. Alisema mbiombio, kwa Kihispania, macho kwa jaji: ndiyo, mheshimiwa, ni mimi niliyerekodi, ulikuwa mfano tu wa sarufi, nilikusudia kueleza, sikupata nafasi. Maneno yalimtoka bila kituo. Mkuu wa Matal alikuwa mwekundu kama nyanya. Askari wawili walielekea mstari wa mbele kumtafuta Rodrigo, wakakuta kitambaa cheusi kwenye benchi na mlango wa pembeni umeachwa wazi.

"Anasema nini?" Mzee Palas aliuliza.

Hakuna aliyemjibu, maana aliyelipwa kumtafsiria alikuwa bado anajitetea. Ilibidi Matal amsogelee.

"Anasema ni yeye aliyekuuliza, baba. Anasema hukumuua mtu."

Mzee alifikiri. "Anasema kwa lugha gani?"

"Kihispania."

Mzee Palas aliitikia kwa kichwa, taratibu, akanyoosha mikono ili afunguliwe pingu.

Nje, kwenye ngazi, Bibi Ewul alimngoja na chupa ya kahawa. Mzee alikunywa kikombe kizima kwa mkupuo, akaomba kingine. Watu walimpisha Maltixh apite, na jinsi walivyompisha haikuwa heshima. Akafika ngazi ya chini yao, akapiga magoti na kuinamisha kichwa ili kiguswe, kama mtoto wa ubatizo afanyavyo kwa baba yake.

"Baba," alisema kwa Kikanjobali, machozi yakimlenga. "Mimi ndiye niliyekukosea. Mimi, si mtu mwingine."

Mzee Palas alimpita kwa macho, akamtafuta Matal kwenye kundi la watu. Mkono wake ulibaki kwenye kikombe.

"Mwanangu," alimwambia, "huyu bwana anahangaika sana, na mimi sielewi anachosema. Hebu mtafutieni mkalimani."